Jinsi ya kujijengea ampu ya gitaa ya valvu nyumbani, kwa umeme wetu huu huu

Kila nikipiga gitaa mbele za watu lazima mmoja aje aulize hiyo boksi ya mbao umeinunua wapi, na nikimwambia nimeijenga mwenyewe sebuleni anacheka kwanza afu anaanza kuuliza maswali. Sasa nimechoka kueleza vipande vipande, ngoja niandike yote hapa kuanzia mwanzo mpaka inalia.

Tutajenga ile sakiti ya Fender Champ, toleo linaloitwa 5F1, la miaka ya 1950. Nimeichagua kwa sababu ni kati ya ndogo kabisa zinazofaa kupigia gitaa: valvu tatu tu (zile chupa za kioo za redio za zamani), kitasa kimoja cha sauti, hamna besi wala trebo, inatoa wati kama 5. Usidharau hizo wati 5, chumbani jirani atakuja kugonga mlango. Ila kwenye bendi yenye ngoma hutasikika bila kuiwekea maiki mbele, hilo ujue mapema usije ukanilaumu.

Kwanza tuelewane kuhusu kufa

Ndani ya hii kitu kuna volti 300 na zaidi za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), na zinabaki kwenye kapasita, vile vifaa vinavyotunza chaji, hata baada ya kuchomoa plagi. Sio kama kutengeneza redio ya betri. Mi nafanya hivi na wewe ufanye hivyo hivyo: unachomoa plagi ukutani (kuzima swichi peke yake haitoshi), unapima kapasita ya kwanza kwa mita, ikisoma chini ya volti 10 ndo unaingiza mkono. Weka resista ya 220k (k ni omu elfu) wati 2 moja kwa moja kwenye kapasita ya kwanza, kutoka chanya kwenda chini (yaani kwenye chasisi, lile boksi la bati linalobeba kila kitu), ikae hapo milele, hiyo inamwaga chaji ndani ya sekunde kama 20 hivi. Lakini resista nayo inaweza kukatika, kwa hiyo bado unapima kila mara. Na ukiwa unapima ampu ikiwa inawaka, waya mweusi wa mita uubane kwenye chasisi kwa klipu, unashika ule mwekundu kwa mkono mmoja, mkono mwingine mfukoni. Viatu vya raba mguuni. Watoto nje. Mita yenyewe iwe inavumilia volti 600 au 1000, vile vimita vya bei ya soda nyaya zake zina plastiki nyembamba, tupa kule.

Transfoma ndo ampu yenyewe

Hapa ndo watu wanapoharibu, kwa hiyo ntakaa kidogo.

Unahitaji mbili. Ya kwanza ni ya umeme. Ya Marekani ilitengenezwa kwa volti 117 na mizunguko 60 kwa sekunde, yetu ni 230 au 240 na mizunguko 50, kwa hiyo usiagize ile ya kwao ukategemea kupunguza umeme kwa boksi la nje, maana chuma kilichopimwa kwa mizunguko 60 pekee kinapata moto kwenye 50. Agiza iliyoandikwa 230/240 V, 50 Hz. Upande wa pili inatoa 325-0-325 kwa sakiti ya asili (nyaya mbili za volti 325, na 0 ni waya wa katikati), pamoja na 6.3 V za kuwashia valvu na 5 V ampea 2 za ile valvu ya kunyoosha umeme, yaani kuugeuza kuwa DC. Mi nakushauri uchukue 300-0-300 au hata 275-0-275. Kwa nini? Umeme wa mtaani unapanda na kushuka, usiku wa manane unaweza kukuta ukutani pana 245, na kama transfoma yako ilisukwa kwa 220 basi kila kitu ndani kimepanda zaidi ya asilimia 10. Piga hesabu: 325 ikipanda hivyo inafika kama 360, zidisha kwa 1.41 unapata zaidi ya volti 500 kwenye kapasita iliyoandikwa 450. Hiyo inapasuka kama baruti.

Njia ya bei rahisi, na ndo nliyoanza nayo mimi, ni redio ya zamani ya mbao, zile za babu zenye jicho la kijani. Nyingi zina transfoma nzuri ya 220 yenye 250-0-250 na 6.3 V, valvu ya kunyoosha EZ80, valvu ya nguvu EL84, na transfoma ndogo ya spika ambayo inatufaa kabisa. Lakini angalia sana herufi za valvu. Zikianza na U (UCL82, UL84, UY85) hiyo redio haina transfoma ya umeme, chasisi yake imeungwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Usiiguse kwa kazi hii, nyuzi za gitaa zitakuwa na umeme wa ukutani.

Ya pili ni transfoma ya kutokea kwenye spika. Upande wa valvu iwe 5k mpaka 8k, upande wa spika omu 4 au 8, ivumilie milliampea 50 za DC zikipita humo muda wote. Na hapa nikupe kisa. Ya kwangu ya kwanza nilimpelekea fundi anayesuka mota, jamaa mzuri sana na mkono wake safi, akanisukia vizuri, raundi zote sawasawa nlivyomwandikia. Nikafunga, sauti ikatoka nyembamba kama redio ya simu, besi hamna kabisa. Wiki mbili nabadilisha kapasita, nabadilisha valvu, wapi! Kumbe alipanga yale mabati ya ndani yenye umbo la herufi E na I kwa kupishanisha, E moja huku E nyingine kule, kama transfoma ya kawaida inavyopangwa. Kwa ampu ya valvu moja ya nguvu haitakiwi hivyo. DC inapita upande mmoja tu, chuma kinashiba sumaku, besi inakufa. Inatakiwa E zote zikae upande mmoja, I zote upande wa pili, katikati unaweka kipande cha karatasi ili kuwe na mwanya. Nikarudi, tukafungua, tukapanga upya tukaweka karatasi ya daftari, nikafunga tena, jamani ampu ikaongea. Kwa hiyo ukimpa fundi kazi hiyo muandikie na umchoree, usimwambie tu "nisukie transfoma ya spika".

Pesa yako iende kwenye hizi transfoma mbili. Wanaokuuzia kapasita moja kwa bei ya mbuzi eti ina sauti tamu, waache waende.

Vitu vingine

Valvu: 12AX7 moja ya kukuza sauti ya gitaa (Ulaya wanaiita ECC83, ni ile ile), 6V6GT moja ya nguvu, 5Y3GT moja ya kunyoosha umeme. 12AX7 na 6V6 bado zinatengenezwa mpaka leo, JJ wa Slovakia wanazo na Electro-Harmonix za Urusi zipo, huna haja ya kuhangaika na za mwaka 1955. Ukipata ya Kirusi ya zamani inaitwa 6P6S, hiyo inakaa pale pale pa 6V6. Kama umechukua transfoma ya redio isiyo na 5 V basi endelea na EZ80 yake, au tumia dayodi 1N4007, mbili mbili kwa kila upande zikifuatana, ila ukiweka dayodi volti zinapanda makumi kadhaa kuliko valvu, usisahau hilo.

Resista: 68k moja, 1M moja (M ni omu milioni), 100k mbili, 1.5k mbili, 220k mbili (moja ni ile ya kumwagia chaji), 22k mbili, 10k moja, 470 omu ya wati 5 kwa ajili ya kathodi ya 6V6 (pini yake ya 8), na 100 omu mbili. Hizo 10k na 22k za njia ya umeme, na ile 220k ya kumwagia chaji, ziwe wati 2, zilizobaki nusu wati au wati 1 inatosha. Kapasita za umeme: 16 mikrofaradi na 8 mbili, au 22 na 10 mbili kama ndo zinazopatikana, zote za volti 500. Usiweke 100 pale mwanzo ukidhani unapunguza mngurumo, 5Y3 haipendi kapasita kubwa, kila ukiwasha inapigwa na mkondo mkubwa mpaka inakufa. Kapasita za sauti mbili za mikrofaradi 0.022 volti 600, moja ya 25 mikrofaradi volti 50. Poti (kile kitasa cha sauti) ya 1M ya logi. Jeki, swichi, fyuzi na kishikio chake, soketi za valvu, waya unaovumilia volti 600.

Chasisi na bodi

Aluminiamu ya milimita 1.5 au 2, fundi bati yeyote atakukunjia. Pima soketi zako kwanza ndo utoboe, maana zinatofautiana. Transfoma ya umeme upande mmoja kabisa, jeki ya gitaa upande mwingine kabisa, na ile transfoma ya spika uigeuze nyuzi 90 kutoka kwenye ya umeme, yaani moja imelala hivi nyingine imesimama vile. Ukiziweka zikitazamana moja inaimba kwenye nyingine hata ampu ikiwa kimya.

Bodi mi nlikata faiba nikapiga vijicho vya shaba vya fundi viatu. Vinafanya kazi vizuri ila hakikisha ni shaba kweli, vya aluminiamu havishiki risasi hata uchome mpaka kesho. Zile ngazi za kulehemea zilizomo kwenye redio ya zamani zinafaa pia.

Kuunga nyaya, kwa mpangilio huu

Anza na ethi. Waya wa kijani na njano kutoka kwenye plagi unafika kwenye boliti yake yenyewe, karibu na unapoingilia, kwaruza rangi, weka washa ya meno, kaza. Boliti hiyo haifungi kitu kingine. Kuna watu wakisikia mngurumo wanakata ethi na mngurumo unapungua kweli, halafu siku transfoma ikivuja ni nyuzi za gitaa ndo zinakuwa laivu. Hapana. Na kama nyumba yako tundu la tatu la ukutani ni pambo tu, mwite fundi umeme kabla hujaanza hii kazi. Kwenye plagi ya pini tatu toa ile fyuzi ya 13 weka ya 3. Laivu inapita kwenye fyuzi ya ndani kwanza (ampea 1, yenye herufi T, hiyo inavumilia msukumo wa kuwasha), kisha swichi, kisha transfoma.

Zinafuata nyaya za 6.3 V. Zisokote kwa nguvu kama kamba ya kitanda, zipitishe kwenye kona ya chasisi, zifike 6V6 pini 2 na 7, kisha 12AX7 ambapo pini 4 na 5 zimeunganishwa pamoja na nyingine ni 9. Kama transfoma haina waya wa katikati wa 6.3, weka zile 100 omu mbili, kila upande moja kwenda chini.

Njia ya umeme mkubwa: nyaya mbili za 300 kwenye 5Y3 pini 4 na 6, ule wa katikati kwenda chini, zile za 5 V pini 2 na 8, na kwenye pini 8 ndo unatoa chanya. Hiyo inaenda kapasita ya 16, na kutoka hapo waya mmoja wa transfoma ya spika. Waya wa pili wa transfoma hiyo unaenda 6V6 pini 3. Kutoka kapasita ya 16 resista 10k mpaka kapasita ya 8, hapo unalisha 6V6 pini 4. Halafu 22k mpaka kapasita ya 8 ya mwisho, hapo zinaanzia zile 100k mbili za 12AX7, moja kwenda pini 1, nyingine pini 6.

Njia ya sauti: jeki, 1M kwenda chini, 68k imekaa kabisa kwenye pini 2 ya 12AX7 sio mbali. Kathodi pini 3 ina 1.5k kwenda chini. Pini 1 inatoa kupitia 0.022 kwenda mguu wa pembeni wa poti, mguu wa pembeni wa pili kwenda chini, mguu wa katikati wa poti kwenda pini 7. Pini 8 ina 1.5k kwenda chini. Pini 6 inatoa kupitia 0.022 ya pili kwenda 6V6 pini 5, pale weka 220k kwenda chini. 6V6 pini 8 ina 470 omu pamoja na kapasita ya 25, chanya kwenye pini. Imebaki 22k moja, inatoka waya mmoja wa spika (mwingine unaenda chini) na kurudi 12AX7 pini 8. Hiyo usiiunge kwanza, iache inaning'inia umeifunga tepu.

Za chini zigawe makundi mawili: za umeme na za 6V6 zikutane sehemu moja kwenye boliti karibu na transfoma, za 12AX7 zikutane kwenye jeki. Ukizitawanya kila mahali kwenye chasisi utausikia mngurumo mpaka uchoke.

Kuwasha mara ya kwanza

Usichomeke moja kwa moja. Tengeneza kifaa cha majaribio: balbu ya zamani ya waya, ya wati 40 au 60, unaiunga kwenye laivu ili umeme upite humo kwanza ndo ufike kwenye ampu. LED haifai. Kama kuna shoti balbu inawaka kwa nguvu zote na ampu yako imepona, kama kila kitu kiko sawa inamulika kidogo afu inafifia.

Raundi ya kwanza bila valvu yoyote. Pima 6.3 (itasoma kama 6.8, sawa, haina mzigo), pima 5, pima zile kubwa. Chomoa. Raundi ya pili weka spika na valvu zote. Spika lazima iwepo muda wote ampu ya valvu ikiwaka, ukipiga gitaa bila spika unaweza kuchoma transfoma uliyoihangaikia. Balbu ikififia vizuri, zima, toa balbu, washa moja kwa moja na uanze kupima.

Namba ninayoijali kuliko zote ni volti za kathodi ya 6V6, pini 8. Tuseme inasoma 19. Gawa kwa 470 unapata milliampea 40. Pima pini 3, tuseme 330, toa 19 zinabaki 311, zidisha kwa 0.040 unapata wati kama 12 na nusu, toa kidogo kinachopita kwenye pini 4 unabaki na 12 hivi. Hapo umefika ukomo wa 6V6 kwa vitabu vya zamani. Ikizidi 14 badilisha 470 uweke 560 au 680, upime tena. Sahani ya ndani ya valvu ikianza kuwa nyekundu gizani, zima hapo hapo. Kwenye 12AX7 pini 1 na 6 utakuta kati ya 130 na 180, na kathodi zake volti moja na kidogo.

Inalia? Sasa zima, subiri, pima, unga ile 22k. Washa. Kama imepiga yowe kali usiogope, transfoma ya spika imegeuka tu, badilishana zile nyaya mbili za upande wa valvu, yowe linageuka kuwa sauti safi.

Mngurumo ukibaki tafuta kwa kijiti cha mshikaki kikavu, unasukuma nyaya moja moja taratibu ampu ikiwa inawaka, ukigusa mhusika unasikia sauti inabadilika. Kijiti cha mbao tu, sio bisibisi, tafadhali.

Kuichezea sasa

Badilisha kitu kimoja, piga siku mbili, ndo ubadilishe kingine. Mi nlikuwa nabadilisha vitatu kwa jioni moja na mwisho sikujua kipi kimeharibu.

Unataka sauti ngumu zaidi, weka kapasita ya 22 mikrofaradi sambamba na 1.5k ya pini 3. Inapanda sana. Ukiweka ya 0.68 badala yake inapandisha zaidi sauti za juu, besi haijai matope. Ile 22k ya kurudisha sauti iwekee swichi: ukiikata ampu inakuwa mbichi na inapasuka mapema, nzuri kwa bluzi. Kwa solo za rumba na benga, ambapo kila noti inatakiwa isimame peke yake kama punje ya mchele, mi naiacha imeungwa na kutoa 12AX7 kuweka 12AY7. Ya kwanza inakuza mara 100, hii mara 44, pini ni zile zile, unachomoa na kuchomeka tu. 12AT7 iko katikati. Kama gitaa lako lina pikapu nene na besi inavuma, punguza 0.022 ya kwanza kuwa 0.01 au 0.0047. Na hata kama hutaki kubadili sauti, weka 1.5k kwenye pini 5 ya 6V6 na 470 omu wati 2 kwenye pini 4, inatulia na valvu inaishi zaidi.

Spika watu wanaisahau. Usiweke ya gari. Nyingi za gari ukizipa wati 1 zinatoa kama desibeli 88, ya gitaa inatoa 97, tofauti hiyo ya 9 ni sawa na kuzidisha nguvu mara 8, yaani wati 5 zako zinasikika kama 40. Champ ya asili ilikuwa na inchi 8, mi nimeweka inchi 10 kwenye boksi la mninga lililo wazi nyuma, zito kubeba lakini sijutii.

Ukishafika kwenye sauti unayoitaka, chukua peni uandike ndani ya boksi thamani zote ulizobadilisha, volti za kila pini na tarehe, na umeme wa ukutani ulikuwa ngapi wakati unapima. Valvu itachoka, utafungua tena, na hapo ndo utazitafuta hizo namba.